Siku Nane Goma, Chini ya Mlima Nyiragongo

Tangu niliporudi kutoka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, mwishoni mwa Desemba 2019, kila ninaposimulia safari hiyo hapa Nairobi, iwe ni nyumbani, kazini au ndani ya matatu, huulizwa swali moja: kwa nini watu wale hawahami? Muulizaji huwa amekwisha kuona picha za lava ikipita katikati ya nyumba, na haamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kurudi kujenga mahali palepale moto ulipomteketezea kila kitu. Mimi mwenyewe niliondoka Nairobi nikiwa na swali hilo, na kwa sababu jibu nililolipata huko haliwezi kusemwa likaisha kabla abiria hajashuka, nimeona heri niliandike.

Goma niliijua kwanza kupitia jirani yangu wa Kasarani, mama anayeuza vitenge, aliyezaliwa huko na akaondoka miezi michache baada ya mlipuko wa Januari 2002. Kwa miaka mingi amekuwa akinieleza habari za mji wake kwa Kiswahili chao, ambacho mtu huwa mutu na mlima huwa mulima, na ambacho shukrani husemwa aksanti. Mwaka 2019 alikuwa anakwenda kumsalimu mama yake kwa ajili ya Krismasi, akaniambia, “Kaka, wewe unayependa kuuliza, twende ukaulize huko huko.” Nikaomba likizo.

Tuliruka hadi Kigali, kisha tukapanda basi la kwenda Gisenyi, safari ya takriban saa nne katika barabara inayopanda, kushuka na kupinda kati ya vilima vilivyolimwa mpaka kileleni. Tulipokaribia Musanze, jirani yangu alianza kunihesabia milima ya Virunga kwa vidole: Muhabura, Gahinga, Sabyinyo, Bisoke, Karisimbi yenye mita 4,507, Mikeno iliyo upande wa Kongo, na mwisho Nyiragongo na Nyamulagira. Jumla ni minane. Ile sita ya kwanza imetulia, ijapokuwa Bisoke ilitoa moto ubavuni mwake mwaka 1957. Lakini alipofika kwenye miwili ya mwisho alishusha sauti kidogo, kama mtu anavyofanya anapomtaja mkubwa aliye chumba cha pili.

Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Maelfu kwa maelfu ya watu huvuka kila siku kwa miguu, wengi wao wanawake waliobeba nyanya, vitunguu, samaki na unga, na foleni ya asubuhi ni ndefu lakini husonga. Wakati huo ugonjwa wa Ebola ulikuwa bado haujaisha mashariki mwa Kongo, kwa hiyo kila aliyevuka alinawa mikono kwa maji yenye klorini na kupimwa joto la mwili. Baada ya hapo tulitembea hatua chache tu, na ardhi ikabadilika rangi.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo picha hazikuwa zimeniandalia. Goma ni nyeusi. Barabara za mitaani ni nyeusi, kuta za viwanja ni nyeusi, vumbi linaloingia kwenye viatu ni jeusi, na pale ambapo hakuna nyumba wala bustani unaona ardhi iliyojikunjakunja na kuvimba kama uji uliochemka ukagandia chunguni. Kutembea juu yake kunachosha vifundo vya miguu, na viatu vya soli nyembamba haviwezi kudumu wiki mbili. Jirani yangu aliniita tuondoke: “Tuchukue moto.” Ilinichukua muda kuelewa kwamba moto, katika Kiswahili cha Goma, ni pikipiki ya abiria, neno lililotoka kwenye Kifaransa, na kwa siku zote nane nilizokaa pale sikuzoea kusikia mtu akisema kwamba moto umemleta nyumbani salama.

Mji uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na hali yake ya hewa haitofautiani sana na ya Nairobi: asubuhi unahitaji sweta, mchana unaivua, na mvua inapokuja inakuja kwa dhati. Nyiragongo iko kaskazini, chini ya kilomita 20, ikiwa na urefu wa mita 3,470. Mchana huwa imejifunika mawingu, na mgeni anaweza kukaa saa kadhaa asijue ilipo.

Mama wa jirani yangu alitupokea mlangoni. Alinishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu, akanikalisha karibu na jiko la makaa na kunipa sahani ya sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaangwa wakavunjika kwa meno. Samaki hao nao ni wageni. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo ni chakula cha watu wa pande zote mbili za mpaka. Nilipokuwa nakula niliuliza, kwa kuona ukuta mzuri wa mawe meusi uliozunguka kiwanja, kama mawe yale yalinunuliwa mbali. Akapiga ardhi kwa kisigino. “Nyumba yangu ya zamani iko hapa chini,” akasema. “Mawe haya ndiyo yaliyoifunika.”

Kisha akasimulia, na nitajitahidi kuyaandika maneno yake bila kuyapamba. Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, watu waliamkia habari kwamba mulima umepasuka ubavu. Lava haikumwagika kutoka kileleni kama wengi wanavyodhani; ilitoka kwenye nyufa zilizofunguka katika mteremko wa kusini na kushuka kuelekea mjini, na baadhi ya nyufa hizo zilikuwa karibu sana na nyumba za watu. Alasiri iliingia mjini. Alifunga watoto migongoni na mikononi, akamkabidhi kijana wa kwanza sufuria na mbuzi, wakafuata umati uliokuwa unaelekea Gisenyi. Usiku ule, wakiwa upande wa Rwanda, waliona anga lote la Goma limewaka. Lava ilikata mji vipande viwili, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaharibu kanisa kuu la Kikatoliki, ikaingia ziwani na kuyachemsha maji ya ufukweni. Zaidi ya asilimia 10 ya mji ilifunikwa, na watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi.

Siku ya tatu alirudi, na hakuwa peke yake. Watu walirudi wakitembea juu ya gamba lililokuwa bado linafuka moshi, soli za viatu zikilainika. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, kwa hiyo iliungua yote, kisha ikafunikwa. Hakukuwa na mtaa tena, wala njia, wala uzio wa kumwonyesha alipokuwa anaishi. Alichofanya ni kutafuta nyumba ya jirani mmoja tajiri, ya mawe na ya ghorofa, ambayo sehemu ya chini ilikuwa imezama na ya juu imebaki wima, na kutoka hapo akahesabu hatua, kwa sababu alikuwa amekwenda kuomba maji kwa jirani huyo kwa miaka kumi na moja na alijua idadi ya hatua. Alipofika kwenye hatua ya mwisho akaweka jiwe. Kwa miezi mingi, mvua ilipokuwa ikinyesha, mvuke uliinuka kutoka ardhini kiwanjani mwake, na wajukuu walilala bila blanketi.

Nililala kidogo sana usiku ule. Saa nne hivi jirani yangu alinigongea mlango, akanitoa nje, akanielekeza kaskazini. Mawingu yalikuwa yameondoka na juu ya kilele kulikuwa na wekundu uliotulia, usiomemeteka kama moto wa kuni, uliopaka rangi moshi uliokuwa ukipanda polepole. Ulikuwa mwanga wa ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko (shimo la kileleni) ya Nyiragongo, mojawapo ya maziwa makubwa ya lava duniani. Wageni walikuwa wakilipa dola 300 kwa kibali cha kupanda kutoka Kibati na kulala kileleni ili walitazame kwa karibu. Mimi sikupanda, na sikujuta, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuwatazama watu wanaoliona ziwa lile kutoka chini kila usiku wanapotoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo.

Kinachoifanya Nyiragongo iwe hatari kuliko volkano nyingi ni wepesi wa lava yake. Ina kidogo mno yale madini ya silika yanayoifanya lava iwe nzito, na kwa hiyo haivuti kama asali. Hukimbia kama mafuta. Tarehe 10 Januari 1977, kasoko ilipopasuka, ziwa lote la lava lilimwagika katika muda usiofika saa moja, na kwenye miteremko mikali lava ilikwenda kwa kasi ambayo imekadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Watu wengi waliokuwa vijijini hawakupata nafasi ya kukimbia. Mama yule alikuwa msichana wakati huo, na anakumbuka kwamba ndovu kadhaa walikutwa wamegandamana na mwamba, umbo lao likiwa limebaki kama tundu ndani ya jiwe. Jirani wa Nyiragongo, yaani Nyamulagira, mlima mpana wa mita 3,058, hulipuka mara nyingi zaidi, lakini lava yake kwa kawaida huelekea porini.

Lakini siyo moto uliozungumzwa zaidi katika nyumba ile. Asubuhi ya siku ya tatu nilitaka kutembea peke yangu kuelekea magharibi, njia ya Sake, kando ya ziwa, na mama alinizuia mpaka jua lipande. Akanieleza habari za mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi, au hewa ukaa, inayopenya kutoka ardhini kupitia nyufa za mwamba. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipokuwa na upepo. Haionekani wala haina harufu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita akiwa salama, na mbuzi aliye ubavuni mwake akaanguka. Mtoto anayeinama kuokota mpira anaweza asiinuke tena. Jua likichomoza na upepo ukivuma, hutawanyika, na mahali pale panaonekana kama mahali pengine popote. Wenyeji huzijua sehemu zenyewe kwa majani yaliyokauka na kwa mizoga ya ndege na mijusi, na katika baadhi ya maeneo pamewekwa vibao vya kuonya.

Neno hilo, mazuku, limekwenda mbali. Wanasayansi wa volkano kutoka nchi nyingi wanalitumia hivyo hivyo katika maandishi yao, kwa lugha zao, bila kulitafsiri. Nilifurahi sana kulijua hilo, na nakiri kwamba nilihuzunika pia, kwa sababu nimesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza mpaka chuo na sikuwahi kukutana nalo. Shuleni tulifundishwa zaha, yaani lava, na kasoko kwa ajili ya mtihani. Neno ambalo watu wa lugha yetu wamelitunga kutokana na vifo vyao wenyewe, na ambalo dunia imeliazima, tunapaswa kulijua na sisi tunaoishi karibu na Bonde la Ufa.

Ziwa lenyewe lina jambo lake. Chini kabisa, ambako kina hufika karibu mita 480, maji yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, na upande wa Rwanda methani hiyo inavutwa na kuchomwa ili kuzalisha umeme. Nilipomuuliza mama kama analiogopa ziwa, alijibu kwamba maji ya kunywa yanatoka huko.

Sasa nirudi kwenye swali. Kwa nini hawahami?

Siku za katikati nilizimaliza barabarani, nikiwatazama vijana wa chukudu. Chukudu ni chombo cha mbao ya mikaratusi, chenye magurudumu mawili yaliyovikwa mpira, na usukani wa mbao. Hubeba mamia ya kilo za makaa, kabichi na viazi kutoka mashambani, kikishuka kwa uzito wake mwenyewe huku dereva amepiga goti juu yake. Mji umekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Mizigo ile yote inatoka kwenye miteremko ya volkano, ambako majivu ya zamani yameoza yakawa udongo mweusi unaozaa viazi vikubwa kuliko vya Kinangop. Mlima unaochoma mji ndio unaoulisha. Ongeza mpaka, ambao ni soko. Ongeza ziwa, ambalo ni samaki na maji. Na ongeza vita. Vijiji vya Masisi na Rutshuru vimepigwa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi, na watu wake wamekimbilia Goma. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia eneo hilo katika muda wa siku chache, na kipindupindu kilipowavamia, mwamba ulikuwa mgumu kiasi kwamba makaburi na vyoo havikuweza kuchimbwa. Kwa watu hawa Goma ndiyo mahali walipokimbilia, na mtu anayewaambia wahame anapaswa kuwatajia mahali.

Kuna jambo lingine, ambalo mafundi walinieleza bila kuulizwa. Pale mtaani kila baada ya nyumba chache kulikuwa na mtu ameketi juu ya rundo la lava, ana nyundo kubwa na tindo, anaipasua. Vipande vikubwa huwa mawe ya msingi na ukuta, vya kati hupangwa barabarani, na vidogo huchanganywa na saruji. Mafundi walikuwa wakitofautisha mawe kwa mwaka. Haya ni ya 77, haya ni ya 2002. Yale ya zamani ni mazito, haya ya juu yana matundu mengi, ni mepesi kubeba lakini hayafai msingi. Walikuwa wakiuza na kununua kwa majina hayo, kama sisi tunavyosema mawe ya Ndarugo.

Hapo ndipo nilipotulia na kufikiri habari za nyumbani. Mawe ya Ndarugo, ambayo yamejenga nusu ya nyumba ninazoziona kutoka dirishani kwangu Kasarani, ni majivu ya volkano yaliyoshindiliwa yakawa mwamba. Nairobi yote imekaa juu ya tabaka za lava na majivu, na mtu akienda saa moja na nusu tu kwa gari anaikuta Longonot na kasoko yake, na mbele kidogo Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 joto la ardhini linatupatia umeme. Tofauti ni kwamba moto ulioyafanya mawe yetu ulipoa zamani sana, kwa hiyo tunamuuliza fundi bei ya jiwe, wala hatumuulizi lilitoka wapi.

Tulirudi Nairobi tarehe 29 Desemba. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021, jirani yangu aligonga mlango wangu akiwa na simu mbili mkononi, na zote hazikuwa zikipatikana upande wa pili. Nyiragongo ilikuwa imepasuka tena. Hakukuwa na onyo. Watafiti walieleza baadaye kwamba mlipuko ule ulitanguliwa na dalili chache sana, tena muda mfupi tu kabla yake. Lava ilishuka hadi Buhene, ikafunika maelfu ya nyumba, ikasimama mita mia chache kabla ya uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tulikaa sebuleni kwangu mpaka saa tisa usiku, yeye akipiga na kukata, akipiga na kukata, na mimi nikiwa sina la kufanya isipokuwa kuchemsha chai. Mama yake alipatikana asubuhi. Alikuwa amevuka mpaka kwa miguu, mara ya pili maishani, safari hii akiongozwa na mjukuu. Alhamisi iliyofuata mamlaka ziliamuru sehemu kubwa ya mji iondoke, kwa hofu kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa imesambaa chini ya mji na hata chini ya ziwa. Watu karibu laki nne waliondoka, wengi kuelekea Sake, ardhi ikitetemeka kwa siku kadhaa na kuta zikipasuka. Ziwa la lava nililoliona likiangaza lilikuwa limemwagika.

Akarudi tena. Na mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na uwanja wa ndege ukafungwa, alikuwa ndani ya nyumba ile, nyuma ya ukuta ule wa mawe meusi, na jirani yangu anasema ukuta ulimsitiri.

Wao huongea kila Jumapili jioni, na jirani yangu huweka simu kwenye sauti kubwa ili na mimi nisalimie. Wiki iliyopita mama alikuwa akizungumza habari za mjukuu, ambaye anajenga chumba cha pili na alikuwa amepata mawe ya bei nafuu kutoka Buhene, mawe ya 2021. Mama alikuwa amemkataza. Hayo bado hajayaamini, alisema. Mvua hazijayapiga vya kutosha. Amemwambia achimbe nyuma ya jiko, ambako ya 2002 bado yapo.